Busta za breki za Canter na Dyna hapa Tanga: ya boksi, ya mtumba na ya kufunguliwa

Mwenye Canter akiingia duka la spea Ngamiani akasema breki zimekuwa ngumu, kabla hajamaliza sentensi ya pili busta, lile kopo linaloongezea nguvu mguu wa dereva kwenye breki, imeshawekwa kaunta. Busta huuzika haraka kwa sababu ni kitu kikubwa, kinaonekana, na dereva aliyechoka kukanyaga breki kwa miguu miwili hana hamu ya maswali mengi. Hapa tunazipima aina tatu zinazopatikana mjini kwa malori madogo ya Kijapani: mpya ya boksi, ya mtumba iliyoshushwa kwenye gari Japani, na ile iliyofunguliwa na fundi ikabadilishwa raba.

Hukumu tunaitoa mapema. Ya mtumba iliyopimwa kwa geji ya vakyumu (mnyonyo wa hewa) mbele ya macho yako ndiyo ya kununua. Ya boksi inafuata, kwa sharti kwamba upime pushirodi yake, fimbo inayosukuma masta silinda (pampu ya mafuta ya breki), kabla ya kufunga. Ya kufunguliwa iache dukani, isipokuwa aina moja tutakayoitaja. Na zote tatu zisubiri kwanza, kwa kuwa pampu ya vakyumu iliyochoka, mpira ulionywea au vali ya njia moja iliyokwama huleta breki ngumu zile zile, na kwa matatizo hayo busta mpya haikusaidii kitu.

Tunazungumzia Canter, Dyna, Elf na ndugu zao ambazo busta imefungwa ukutani mbele ya pedali, masta silinda ikiwa imeshikizwa usoni mwake. Fuso kubwa zenye mitungi ya upepo hazimo humu.

Ndani ya lile kopo kuna raba pana, diaframu, inayoligawa vyumba viwili. Ukiwa hujakanyaga, vyumba vyote vina vakyumu. Ukikanyaga, vali ya nyuma inaruhusu hewa ya kawaida iingie chumba cha upande wa pedali, na hewa hiyo inaisukuma raba kuelekea masta. Chukua diaframu yenye upana wa sentimita 23: eneo lake ni kama sentimita za mraba 415. Kwa vakyumu ya inchi 24 za zebaki (ndicho kipimo cha geji), kila sentimita ya mraba inasukumwa kwa nguvu ya takribani gramu 800, kwa hiyo jumla inapita kilo 300. Hizo kilo 300 ndizo zinazopotea busta ikifa, na mguu wa dereva hauwezi kuzirudisha.

Hesabu hiyo ina maana ya pekee kwa mkoa wetu. Tanga mjini tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito, na pampu nzuri ya dizeli huvuta inchi 24 hadi 27. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu. Hewa ya kule ni nyepesi, na gari lile lile linapoteza inchi 4 au zaidi bila kuharibika chochote. Kwa diaframu tuliyoitaja, inchi 4 ni kama kilo 55 za msukumo. Lori lenye pampu dhaifu inayovuta inchi 20 hapa Kange litaonekana zima kabisa likizunguka mjini na mifuko ya saruji, kisha likapakia kabichi na karoti Lushoto na kuanza kuteremka Soni kuelekea Mombo likiwa na inchi 16. Ndipo dereva anaposema breki "zimegoma ghafla". Hazikugoma ghafla. Gari la milimani lisikubaliwe kwa kipimo cha chini ya inchi 24 likiwa pwani.

Palepale tuseme jambo linalotuuma: kuteremka na injini imezimwa ili kubana mafuta. Injini ikizima, pampu imesimama. Busta nzima ina akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, halafu pedali inakuwa jiwe. Hakuna busta ya dukani, ya bei yoyote, inayobadilisha hilo.

Sasa, kuipima. Anza na mguu, haugharimu kitu. Zima injini, kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu na ipande juu. Iache imekanyagwa, washa injini. Pedali inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu, kama mtu aliyevuta pumzi. Isiposhuka, hakuna msaada unaofika. Kipimo cha pili: acha injini ingurume dakika moja au mbili, zima, kanyaga polepole mara tatu ukipumzika kila mara. Ya kwanza iende chini, ya pili iishie juu kidogo, ya tatu juu zaidi. Zikiwa ngumu sawasawa tangu ya kwanza, vakyumu haikai. Cha tatu ndicho wengi wanakiruka, nacho ndicho kinachofichua raba iliyopasuka mahali padogo: injini ikiwa inanguruma, kanyaga na ushikilie, zima injini ukiwa bado umekanyaga, hesabu sekunde 30. Pedali isisogee. Ikianza kukuinua mguu, busta inavuja ikiwa kazini hata kama ikipumzika inashika.

Sikiliza pia. Mlio mfupi wa "fsss" unapokanyaga ni hewa inayopita kwenye kichungi kidogo cha nyuma, ni kawaida. Mlio usiokoma ukiwa umeshikilia pedali, au usiokoma hata ukiwa umeachia, si wa kawaida. Kwenye kirikuu na magari mengine ya petroli kuna dalili ya ziada: ukikanyaga breki injini inatetema au mlio wake unabadilika, kwa sababu hewa inayovuja kwenye busta inaingia moja kwa moja kwenye mchanganyiko wa mafuta. Petroli haina pampu, inanyonya kutoka manifoldi (njia ya hewa ya injini), na kipimo chake ikiwa silensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ni inchi 17 hadi 21.

Baada ya mguu, geji. Geji ya vakyumu yenye kiungo cha T ni kifaa kidogo, na mwenye lori mawili anapaswa kuwa nayo kama alivyo na jeki. Chomeka T kati ya vali ya njia moja na busta. Washa. Kwenye dizeli sindano ipande haraka. Ikijikongoja na kuishia inchi 15, usiguse busta bado. Ng'oa mpira kwenye busta, chomeka geji kwenye mpira wenyewe. Ikibaki 15, tatizo liko nyuma yako: pampu, mkanda au mpira. Ikiruka hadi 25, busta ndiyo inayokunywa vakyumu.

Pampu za dizeli nyingi za aina hii zimebebwa mgongoni mwa altaneta (inayochaji betri), zinazungushwa na shafti hiyo hiyo na kulainishwa na oili ya injini kwa paipu nyembamba. Kwa hiyo mkanda ukilegea, chaji na vakyumu vinashuka pamoja, na taa hafifu usiku ni ushahidi wa kesi ya breki. Visu vya ndani ya pampu vikilika, vakyumu inapanda polepole. Paipu ya oili ikiziba, visu vinakufa kwa muda mfupi. Fundi wa umeme akibadilisha altaneta akarudisha paipu ya oili ikiwa imekunjika, ameandaa kifo cha pampu bila mtu kujua.

Mpira wa vakyumu unastahili aya yake. Wa asili una kuta nene zilizotiwa nyuzi. Ukipasuka, wengi huweka kipande cha mpira wa maji au wa mafuta chenye kipenyo kinacholingana. Asubuhi unafanya kazi. Injini ikipata moto, mpira unalegea, vakyumu inaubana kutoka ndani na unanywea kama mrija wa soda uliovutwa kwa nguvu. Gari likipoa, mpira unarudi mviringo, na ukiupima gereji unauona mzima. Upime ukiwa wa moto, injini ikinguruma, kwa kuushika urefu wote. Mahali penye kona ndipo huanza. Na ukinunua, sema mpira wa vakyumu wa breki. Wa mafuta usiukubali.

Vali ya njia moja: itoe, ipulize kwa mdomo. Upepo upite kutoka upande wa busta kwenda upande wa pampu, usirudi. Ikipitisha kote kote, injini ikizimwa akiba yote inapotea, na mvuke wa oili kutoka kwenye pampu unapata njia ya kurudi ndani ya busta. Oili ya injini huvimbisha raba hii. Ukikuta ute mweusi wa oili ndani ya mpira upande wa busta, badilisha vali pamoja na busta, la sivyo mpya itafuata njia ya marehemu.

Ukishajua vakyumu inafika vizuri, funga geji kwenye T tena upime kushika. Kipimo cha vitabu vya huduma vya magari mengi ya Kijapani ni hiki: ifikishe milimita 500 za zebaki, ambazo ni inchi 20 hivi, zima injini, ndani ya sekunde 15 isishuke zaidi ya milimita 25, yaani inchi moja. Rudia ukiwa umekanyaga pedali. Ikishindwa huku vali na mpira ni vizima, busta imekufa na sasa unaweza kwenda dukani.

Kuna ugonjwa mmoja unaoua busta kimyakimya, nao ni masta silinda inayovujia nyuma. Mafuta ya breki yanapungua kwenye kikopo, lakini magurudumu yote makavu, paipu kavu. Yanaingia ndani ya busta. Yanakula rangi ya ndani, kutu inaanza, na mengine yanavutwa na pampu hadi kwenye oili ya injini. Fungua nati mbili za masta, isogeze mbele kidogo bila kufungua paipu, pitisha kidole chini ya mdomo wa masta. Ukikuta ubichi, unahitaji masta pia, au angalau raba zake. Kufunga busta nzuri nyuma ya masta inayovuja ni kutupa pesa baharini. Kinyume chake, pedali inayozama taratibu hadi sakafuni ukiwa umeikanyaga si ya busta, ni masta au kuna paipu inavuja. Pedali laini kama sponji ni upepo kwenye paipu. Na kama vipimo vyote vya busta ni safi lakini gari halishiki, fungua magurudumu: viatu vya breki vilivyong'aa kama kioo na wili silinda (zinazovisukuma viatu hivyo) zilizoganda kwa kutu huleta ugumu unaofanana kabisa na huu, na magari yanayoshinda kwenye chumvi na mchanga wa pwani huwa nayo sana.

Tuje kwenye bidhaa zenyewe.

Busta mpya ya boksi inavutia kwa rangi yake na kwa kuwa haina historia. Nyingi zinazofika hapa si za mtengenezaji wa gari, ni za viwanda vingine, na ubora unatofautiana kutoka boksi hadi boksi. Raba huwa nzuri, vakyumu inashika, hilo tunalikiri. Udhaifu uko kwenye vipimo. Boksi linaandika inafaa aina nne au tano za gari, maana yake kopo ni moja na pushirodi imeachwa katikati. Pushirodi ya mbele ikizidi urefu kwa milimita moja, pistoni ya masta hairudi mwisho, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, na breki zinajibana zenyewe kadiri mafuta yanavyopata joto. Dereva anasema "busta mpya ina nguvu sana", kumbe gari linaburuza, na kufika Segera rimu zinanuka. Ikipungua, pedali inakwenda chini mno kabla ya kushika. Muuzaji atakwambia, "Funga tu, mzee, hii inaingia moja kwa moja." Bolti zinaingia moja kwa moja, ni kweli. Urefu wa pushirodi ni jambo jingine. Kagua pia raba ndogo inayoshika vali ya njia moja: ikiwa ngumu kama plastiki, hamishia ile ya zamani ikiwa nzima, au nunua nyingine. Na angalia kama boksi lina oringi ya kati ya busta na masta pamoja na gasketi ya ukutani. Mara nyingi kimoja hakimo.

Ya mtumba ina faida ambayo hakuna boksi linaloweza kuiga: ilitengenezwa kwa gari la aina yako na pushirodi yake iliwekwa kiwandani. Hasara yake ni kwamba hujui imelala muda gani, na mahali ilipolala. Busta iliyopangwa nje ya banda bila kuzibwa matundu, kwa hewa yetu ya bahari, inaoza kutoka ndani huku nje imepakwa rangi nyeusi ya kupuliza. Kwa hiyo ikague hivi. Ingiza kidole tundu la masta, kinuse: harufu ya mafuta ya breki au unyevu, irudishe. Mulika tochi humo ndani. Nyigu wa udongo hupenda sana kujenga kwenye tundu la mpira, na kipande kimoja cha udongo kikiingia kwenye vali hutakitoa. Pitisha ukucha kwenye mshono wa kopo kuzunguka lote. Penye kutu inayobanduka kwa magamba, penye rangi mpya juu ya mabonde madogo, acha. Sukuma pushirodi ya nyuma, ya upande wa pedali, kwa kiganja: iende kwa uzito ulio sawa na irudi yenyewe bila kukwama. Usiivute pushirodi ya mbele kutoka nje kwa nguvu, sababu tutaieleza.

Kisha geji. Pampu ya mkono yenye geji, ile inayoshikwa kama bastola, ndiyo inayotenganisha mnunuzi na mbahatishaji. Vuta mpaka inchi 20 na usubiri. Kipimo ni kile kile, inchi moja kwa sekunde 15. Muuzaji anayekataa kupimiwa amekupa jibu. Kama huna pampu, gari lako lenyewe ni kipimo: kubaliana, andikiana kwenye risiti kwamba ikishindwa siku hiyo hiyo inarudi, na muuzaji aiwekee alama yake ya rangi ili kesho asiseme si yake.

Nenda na ya zamani mkononi, kwa aina zote. Linganisha upana wa kopo, unene wake (zenye diaframu mbili ni nene zaidi na nyembamba kwa kipenyo), nafasi kati ya bolti nne za nyuma kwa kalipa (kifaa cha kupimia), upande linakotokea tundu la mpira, na kina cha tundu la masta. Kuangalia kwa macho peke yake hakutoshi, kwa sababu Canter mbili za rangi moja na cabini moja zinaweza kuwa na busta mbili tofauti kulingana na uzito zilizotengenezewa kubeba.

Ya kufunguliwa. Makopo mengi ya kisasa yamebanwa kiwandani kwa kukunjwa mdomo. Ndani kuna springi yenye nguvu, na anayelifungua kwa patasi bila kifaa cha kubania anahatarisha meno yake. Lakini hata akifungua salama, akirudishia kwa nyundo, mdomo haubani tena sawasawa. Ndiyo maana unaona gundi ya silikoni imezungushiwa mshono. Gundi hiyo inashika siku ya kwanza. Ndani kuna hatari kubwa zaidi: kitufe kidogo cha raba, kama sarafu nene, kinachokaa mwanzoni mwa pushirodi ya mbele. Hicho ndicho kinachomrudishia dereva hisia ya mguuni na kuifanya breki ishike kwa kadiri. Hudondoka kirahisi pushirodi ikivutwa nje, na fundi asiyekijua hakitafuti. Gari lisilo nacho halina breki ndogo: ukigusa tu linajikita, mzigo unakuja mbele. Dereva mgeni huishangilia. Kwenye barabara yenye mvua kati ya Muheza na Amani hataishangilia. Grisi nayo: ndani ya busta hutumika ya silikoni, na anayepaka grisi ya bearingi anaanza kuvimbisha raba aliyoiweka jana.

Aina tunayoikubali kufunguliwa ni haidrovaki ya zamani inayokaa peke yake chini ya chesisi, mbali na masta, ambayo makopo yake yameshikwa kwa bolti au kwa mkanda wa chuma. Hiyo ilibuniwa ifunguliwe, na ukipata repea kiti kamili yenye diaframu, raba na kichungi, fundi makini anairudisha kazini kihalali.

Kufunga si kazi kubwa, lakini ina mpangilio. Zuia magurudumu kwa vigingi, zima, kanyaga pedali mara sita kumaliza vakyumu. Nyonya mafuta kwenye kikopo kwa bomba la sindano na uweke ndoo ya maji karibu. Mafuta ya breki yanakula rangi, na maji yanayasafisha papo hapo. Kwenye gari lisilo na pua, kifuniko cha mbele ndicho mlango wa kufikia masta. Chomoa mpira, zungusha vali huku ukiivuta. Fungua nati mbili za masta kwa soketi namba 12 au 14. Paipu zikiwa na ulegevu wa kutosha, usizifungue: sogeza masta mbele taratibu na uitegemeze kwa waya, na utakuwa umejiepusha na kazi yote ya kutoa upepo. Zikikataa, tumia spana ya paipu iliyofunga pande tano, mara nyingi namba 10. Spana ya kawaida ya mdomo wazi itakula pembe za nati iliyoshikwa na chumvi ya bahari, na hapo utakuwa unatafuta paipu pia. Ipulizie dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi.

Ndani ya cabini, chomoa kota pini au klipu, toa pini inayounganisha pushirodi na pedali, kisha nati nne za ukutani. Ya juu upande wa ndani ndiyo itakayokuchosha. Ekstensheni ndefu yenye kiungo cha kujipinda ndiyo jibu. Kabla hujaitoa busta ya zamani mezani, pima kutoka uso wake wa nyuma, pale gasketi inapokaa, hadi katikati ya tundu la pini. Weka mpya kipimo hicho hicho, kwa nusu milimita, ndipo ukaze kontanati (nati ya kufungia).

Sasa upande wa mbele, pale busta za boksi zinapoangusha watu. Unahitaji kalipa yenye mkia wa kupimia kina, au kipande cha plastisini ya watoto. Njia ya plastisini: bandika kigololi kwenye ncha ya pushirodi, weka masta na oringi yake, kaza nati mbili kwa mkono sawasawa mpaka nyuso zigusane, fungua, toa. Plastisini iliyobanwa ndiyo picha ya nafasi iliyopo. Kata katikati kwa wembe, pima unene. Unatafuta upungufu wa karibu na sifuri hadi nusu milimita, na kitabu cha gari lako kikisema kipimo chake, fuata hicho. Ikiwa plastisini imetobolewa kabisa na chuma kimegusa chuma, huna picha, pushirodi inaweza kuwa imezidi: rudisha skrubu ya ncha mizunguko miwili na upime upya. Rudia mpaka upate jibu moja mara mbili mfululizo. Dakika 20 hizi hakuna fundi anayezidai malipo, na ndizo kazi yote.

Oringi ya masta iwe mpya, kwa kuwa ndiyo inayozuia vakyumu isivuje mahali hapo. Nati zisikazwe kwa kuongeza bomba kwenye spana. Kwa Toyota nyingi ndogo ni Nm 13 tu. Rudisha pini na kota pini mpya. Angalia swichi ya taa za breki: isiisukume pedali, maana ikiisukuma hata kidogo umetengeneza upya tatizo la pushirodi ndefu kwa njia nyingine. Pedali iwe na mchezo wa bure wa milimita 1 hadi 6 ukiisukuma kwa kidole, injini ikiwa imezimwa na vakyumu imemalizwa.

Kama paipu zilifunguliwa, toa upepo ukianzia gurudumu la mbali na masta. Kwa magari yetu yenye usukani kulia ni la nyuma kushoto. Gari lenye vali ya mzigo juu ya eksili ya nyuma, nayo itolewe upepo ikiwa ina nipo (skrubu ya kutolea upepo) yake. Chupa mbili za nusu lita za mafuta ya breki ya DOT 3 zilizofungwa zinatosha. Chupa iliyofunguliwa tangu msimu uliopita imeshakunywa unyevu wa Tanga, itumie kusafishia tu.

Rudia vipimo vitatu vya mguu. Halafu piga jeki gurudumu moja moja, kanyaga breki mara kadhaa, achia, zungusha kwa mkono. Linatakiwa liachie papo hapo. Likigoma na kulegea tu ukifungua nipo, bado pushirodi imezidi au swichi inabana. Jaribu gari tupu kwanza, kilomita 20 kwa saa, mahali pasipo na watu, kisha endesha kilomita 10 za kawaida ukikanyaga breki kidogo, mfano hadi Pongwe, usimame na usogeze mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Zote ziwe na joto linalolingana. Baada ya kilomita 500 fungua tena kifuniko cha mbele, angalia kiwango cha mafuta ya breki, pitisha kidole chini ya mdomo wa masta, na kaza klipu mbili za mpira wa vakyumu, kwa sababu mpira mpya hujilegeza ukishapata moto mara chache.